Mwanza–Bukoba: Dakika za Ramani na Dakika za Saa

Mhariri mmoja wa zamani alikuwa na kalamu nyekundu iliyochukia neno "mimi". Alisema msomaji kanunua gazeti asome habari, hakununua wasifu wa mwandishi. Kwa heshima yake, aliyefanya safari hii ataitwa "mwandishi" tangu mwanzo hadi mwisho, ingawa aliyeamka saa kumi na moja alfajiri pale Nyakato, Mwanza, akatafuta soksi kwa mwanga wa simu, ni huyuhuyu anayewasimulia.

Alikuwa anakwenda Bukoba kwenye harusi ya mtoto wa shangazi yake. Basi lilikuwepo, meli ilikuwepo, lakini kamati ya harusi ilikuwa imempa kazi ya kusoma risala jioni ileile, na mwenyekiti wa kamati alishamwambia kwa simu kwamba visingizio vya barabara mwaka huu havipokelewi. Akakata tiketi ya ndege.

Usiku wa kuamkia safari, mpwa wake wa kidato cha pili alimkuta mezani na ile tiketi, akauliza swali ambalo watu wazima hawaulizi: "Mjomba, kutoka hapa hadi Bukoba ni kilomita ngapi kwa ndege?" Mwandishi alijibu kama watu wazima wanavyojibu: "Ni karibu tu." Kijana hakuridhika. Akaleta daftari na rula.

Hesabu yenyewe iligeuka kuwa tamu kuliko walivyotarajia. Uwanja wa ndege wa Bukoba uko nyuzi 1 na dakika 20 kusini mwa ikweta, kwenye nyuzi 31 na dakika 49 mashariki. Ule wa Mwanza uko nyuzi 2 na dakika 27 kusini, na nyuzi 32 na dakika 56 mashariki. Ukitoa hiki kwa kile, tofauti ya kusini na kaskazini ni dakika 67. Tofauti ya mashariki na magharibi nayo ni dakika 67. Miji miwili imekaa kwenye pembe mbili za mraba, kana kwamba mtu aliipanga kwa rula, na ndege inapita kwenye ulalo wa mraba huo, ikielekea kaskazini magharibi pasipo kuyumba hata kidogo.

Dakika hizi ni za duara la dunia, ambalo limegawanywa nyuzi 360, na kila nyuzi dakika 60. Mabaharia ndio walioamua kwamba dakika moja ya kwenda kusini au kaskazini iitwe maili ya baharini, na leo maili hiyo imekubaliwa kuwa mita 1,852 kamili. Karibu na ikweta, dakika ya kwenda mashariki nayo ni karibu urefu uleule. Kwa hiyo kijana alichukua 67 akaizidisha kwa 67, akaongeza nyingine kama hiyo, akatafuta kipeuo cha pili: karibu 95. Maili 95 za baharini, sawa na kilomita 175 na ushei.

"Kwa hiyo ni dakika 95 angani," akasema.

"Hapana. Hizo ni dakika za ramani. Za saa ni nyingine."

Kijana alimtazama mjomba wake kwa macho ya mtu anayehisi anadanganywa. Naye hakuwa na makosa. Kiswahili kimetupa neno moja kwa vitu viwili, na safari nzima iliyofuata ilikuwa ugomvi kati ya dakika hizo mbili.

Tiketi iliandika kuondoka 08:10, kufika 09:00. Dakika 50. Mwandishi alifunga mlango wa nyumba saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi. Barabara ya kwenda uwanjani inapita Pasiansi, na saa hizo Mwanza inakuwa bado inajinyoosha: akina mama wanapanga moto wa vitumbua, bodaboda wamejikunyata ndani ya makoti, mawe makubwa juu ya vilima yanaanza kuonekana kama watu waliokaa kikao. Saa kumi na mbili na nusu alikuwa kwenye foleni ya mizigo.

Mbele yake kwenye mzani palikuwa na mama mmoja wa Kamachumu, amefunga kitenge kwa nguvu ya mtu anayejua safari, na mfuko wa mchele wa Magu uliozidi kilo. Walijadiliana na karani wa mizigo kwa upole wa pande zote mbili. Mwisho mama alifungua mfuko, akachota mchele mwingi tu, akautia kwenye mkoba wake wa mkononi, akarudisha mfuko kwenye mzani. Uzito wa ndege haukubadilika hata punje moja. Karani alitabasamu, akafunga lebo.

Kisha likaja suala la saa. Kijana mmoja alikuwa anahangaika kwenye dirisha la taarifa kwa sababu alisoma 08:10 kwenye simu yake akaelewa saa nane na dakika kumi, akajua ana nusu siku nzima ya kunywa chai. Bahati yake alikuwa amewahi kwa ajili ya kumsindikiza mwenzake. Kosa hilo haliishi katika nchi hizi, kwa kuwa abiria wa Kiswahili huhesabu siku kuanzia mapambazuko, tiketi huhesabu kuanzia usiku wa manane, na rubani ana saa ya tatu kabisa. Marubani wa dunia nzima huandika saa za dunia, ambazo ziko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa 3. Ndege ya 08:10 ni saa mbili na dakika kumi kwa mama wa Kamachumu, na kwenye karatasi za rubani ni 05:10. Watu watatu ndani ya chombo kimoja, kila mmoja na saa yake, na wote wako sahihi.

Asubuhi ile hakuna saa hata moja kati ya hizo iliyofuatwa.

"Bukoba kumefunga," akasema mhudumu wa uwanjani saa mbili kamili, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulisema neno hilo mara nyingi msimu huo. Abiria wenye asili ya Kagera hata hawakuinua macho. Walijua.

Kufunga kwa Bukoba kuna maelezo yake, na inafaa tuyape nafasi kwa sababu ndiyo yanayoamua safari hii kuliko injini yoyote. Ziwa Victoria lina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 68,800. Ukizitia Rwanda na Burundi ndani yake, bado pana nafasi ya kuvua. Usiku nchi kavu hupoa haraka, maji hubaki na joto lake. Hewa ya baridi huteremka kutoka pande zote za ziwa kuelekea katikati, inakutana huko, na hewa yenye unyevu inanyanyuka na kujenga mawingu ya radi usiku wa manane wakati watu wa mijini wamelala. Halafu pepo za mashariki huyasukuma mawingu hayo kuelekea magharibi. Alfajiri yanakuta nini? Yanakuta Bukoba. Ndiyo maana Bukoba hupata mvua ya milimita 2,000 hivi kwa mwaka, na Mwanza, kilomita 175 tu upande wa pili wa maji yaleyale, hupata karibu nusu yake. Ndiyo maana pia kule kuna migomba na huku kuna mawe. Na ndiyo maana ndege ya asubuhi husubiri: kwa miaka mingi kutua Bukoba kumetegemea rubani aione njia kwa macho yake mwenyewe, na wingu likikaa juu ya lami hakuna chombo cha kulitoboa.

Mwandishi alihamia kiti cha karibu na yule mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Unakwenda nyumbani?"

"Naenda harusini. Nyumbani ni kwa shangazi."

"Basi ni nyumbani. Kwa shangazi hakuna ugeni, waitu."

Alisema tangu 1996 hajapanda meli. Hakueleza zaidi, wala hakuhitaji. Mei 21 mwaka ule MV Bukoba ilizama ikitoka Bukoba, ikiwa imebakiza safari kidogo tu kufika Mwanza, na mamia ya watu walikufa. Kanda ya Ziwa mwaka huo hautajwi kwa tarakimu zote. Watu husema "tisini na sita" na mazungumzo hupungua sauti. Mwandishi, kwa ujinga wa taaluma yake, akauliza: na ndege je, baada ya 2022?

Mama alimtazama. "Gari nalo linaua, mwanangu. Nikae ndani?"

Yaliyotokea 2022 ni haya. Novemba 6, Jumapili asubuhi, ndege ya Precision Air aina ya ATR 42 iliyotoka Dar es Salaam ikiwa na watu 43 ilianguka ziwani ilipokuwa inajaribu kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa. Ilikuwa karibu mno na uwanja, kiasi kwamba watu waliokuwa ufukweni waliiona. Wavuvi ndio waliofika mapema kwa mitumbwi yao, miongoni mwao kijana Majaliwa Jackson, ambaye jina lake lilitajwa nchi nzima wiki ile na ambaye baadaye aliingizwa katika kikosi cha zimamoto na uokoaji. Watu 24 waliokolewa. Watu 19 walifariki, wakiwemo marubani wote wawili. Picha ya mkia wa ndege ukiwa juu ya maji, na watu wakiivuta kwa kamba kutoka ufukweni, iliwafanya wengi nchini wajue kwa mara ya kwanza jinsi lami ya Bukoba ilivyo jirani na maji.

Saa tatu na nusu tangazo likawa lilelile. Mtu akanunua karanga, zikazungushwa. Kijana wa saa nane alikuwa ameshalala.

Kuna jambo moja ambalo abiria aliyekaa kwenye kiti cha plastiki haambiwi. Kwa nini wasiende tu wakaangalie? Wanaweza, na mara nyingine huenda, wakazunguka juu ya Bukoba, wakarudi. Lakini ndege haibebi mafuta ya kwenda peke yake. Inabeba ya kwenda, ya kugeukia uwanja mwingine kama wa kwanza umeshindikana, na juu yake akiba ya dakika 30 ambayo haitakiwi kuguswa isipokuwa mambo yameharibika kweli. Kwa safari fupi kama hii, mafuta ya tahadhari ni mengi kuliko mafuta ya safari yenyewe. Kampuni ikihesabu hivyo, inaona heri abiria wale karanga.

Muda wa kusubiri ulimpa mwandishi nafasi ya kufikiria waliopima maji haya kabla ya hapo. Agosti 1858 Mwingereza John Hanning Speke alisimama kwenye kilima hapa Mwanza, akaona ncha ya kusini ya ziwa, akaamini papo hapo kwamba chanzo cha mto Nile kimepatikana. Hakuwa na uhakika wa ukubwa wake. Alichokuwa nacho ni kipimajoto: alichemsha maji, akasoma joto yalipochemkia, akakadiria mahali pale pako juu kiasi gani kutoka usawa wa bahari. Mwaka 1875 Henry Morton Stanley alizunguka ziwa zima kwa mashua aliyoiita Lady Alice, kazi iliyomchukua kama miezi miwili, na akiwa njiani aligombana na watu wa kisiwa cha Bumbire kwa namna ambayo ilimchafulia jina hata kwao. Bumbire ni kisiwa cha Kagera; ndege ya Bukoba hukiacha upande wa kushoto ikikaribia kutua. Wenye kisiwa waliujua umbali wao tangu zamani, na waliupima kwa makasia.

Na kuna aliyepima vibaya kuliko wote. Machi 1979, wakati wa vita vya Kagera, ndege ya kivita ya Libya iliyokuja kumsaidia Idi Amin ilitumwa kulipua matangi ya mafuta ya Mwanza. Ilikuwa Tu-22, yenye kasi inayoipita sauti. Ikakosa. Mabomu yaliangukia kisiwa cha Saanane, mahali pa wanyama, na wengi wa waliokufa walikuwa swala. Wazee wa Mwanza bado wanasimulia kwa kicheko kisichokamilika.

Saa nne na nusu jua liliingia dirishani, na mhudumu hakuhitaji kutangaza. Watu walishasimama.

Ndege ilikuwa ya injini mbili zenye mapanga, aina ile ambayo Watanzania waliibatiza "pangaboi" mwaka 2016 serikali iliponunua Bombardier Q400 mbili za kwanza kwa ajili ya Air Tanzania. Jina lilikuwa la kejeli: wengine walitaka ndege za jeti, wakaona mapanga ni mambo ya kale. Kwa njia ya Mwanza na Bukoba kejeli hiyo inashindwa vibaya. Lami ya Mwanza ina urefu wa zaidi ya kilomita 3. Ya Bukoba haifiki hata nusu yake. Ndege yenye mapanga hupata nguvu mapema na hufunga breki kwa umbali mfupi, kwa sababu mapanga yenyewe hugeuzwa pembe yakasukuma upepo mbele. Jeti kubwa ingefika juu ya Bukoba mapema, ikautazama uwanja, ikarudi zake Mwanza.

Mwandishi alikuwa na daftari magotini na saa mkononi. Haya ndiyo aliyoandika.

Saa 4:44 ndege ilianza kutembea. Saa 4:52 magurudumu yaliachana na lami.

Hapo ramani ilitoa zawadi ndogo. Nambari zinazopakwa kwenye ncha za lami ya uwanja ni mwelekeo wa dira, sifuri ya mwisho ikiwa imeondolewa. Lami ya Mwanza inaitwa 12 upande mmoja na 30 upande wa pili. 30 maana yake nyuzi 300, kaskazini magharibi. Ya Bukoba ni 13 na 31. Na mstari kati ya viwanja viwili, kama daftari la mpwa lilivyoonyesha, unaelekea nyuzi 315. Kwa maneno mengine, upepo ukikubali, rubani huondoka Mwanza akiwa tayari ameelekea Bukoba, na hutua Bukoba akiwa bado ameelekea kulekule alikoelekea tangu mwanzo. Ni viwanja viwili vinavyotazamana juu ya maji kama majirani wa kibaraza kimoja. Siku hiyo upepo ulikubali. Ndege iliruka moja kwa moja juu ya ziwa, na katika safari nzima bawa halikulala kwa pembe ya kutisha mtu.

Iliendelea kupanda kwa dakika kumi hivi. Rubani alitangaza kwamba wangepanda hadi futi 12,000. Hesabu ya shufwa: ndege zinazoelekea nusu ya magharibi ya dira hupewa maelfu ya shufwa, zinazoelekea mashariki hupewa ya witiri, ili zinapokutana njiani pawe na futi elfu moja kati yao. Waliokuwa wanarudi kutoka Bukoba asubuhi hiyo, kama walikuwepo, walipita kwenye 11,000 au 13,000.

Sasa hesabu ambayo mpwa angeipenda. ATR ikiwa juu, imetulia, huenda kama kilomita 510 kwa saa. Kwa kasi hiyo kilomita 175 zinamalizika kwa dakika 21. Q400 ina kasi zaidi, hadi kilomita 667 kwa saa, na ingezimaliza kwa dakika 16. Tofauti ya kilomita zaidi ya 150 kwa saa, faida yake dakika tano! Na hata hizo tano hazipatikani, kwa sababu ndege haitulii juu. Inapanda kwa kasi ndogo, inakaa sawasawa kwa muda wa mtu kufungua kifuniko cha juisi, inaanza kushuka. Chini ya futi 10,000 kwa kawaida haizidishi kilomita 460 hivi kwa saa, na inapokaribia lami inakwenda polepole zaidi. Safari fupi ni kupanda na kushuka tu. Wahudumu wanajua: waligawa maji na biskuti kwa mwendo wa watu wanaogawa karatasi za mtihani dakika zikiwa zimeisha.

Kutoka dirisha la kushoto, kisiwa cha Kome kilipita kusini, kijani iliyofifia. Kisha maji matupu. Wingu lililokuwa limeifunga Bukoba lilikuwa limekatika vipande vyeupe juu ya ziwa, na kila kipande kilikuwa na kivuli chake chini, kama kisiwa kingine. Mama wa Kamachumu, viti viwili mbele, alikuwa ameshika mkoba wenye mchele mapajani kwa mikono miwili. Hakuangalia nje hata mara moja.

Ndege ilishuka juu ya maji. Ilishuka tena. Anayekwenda Bukoba mara ya kwanza hutafuta ardhi na haioni. Anaona mtumbwi, anaona nyavu, anaona rangi ya maji ikibadilika, na lami haijatokea. Kulikuwa na ukimya ndani, ule wa watu ambao wote wanafikiria tarehe moja. Halafu ufukwe ukapita kwa ghafla, na gurudumu likagusa. Saa 5:26. Breki zilishikwa kwa nguvu, watu wakainama mbele kama wanaoitikia sala, na mtu wa nyuma akasema "Waitu!" kwa sauti ya shukrani. Ndege ilikwenda karibu na mwisho, ikageuka pale pale juu ya lami, ikarudi kwa njia ileile iliyotulia. Ikasimama saa 5:31.

Dakika 34 angani. Dakika 47 tangu kutembea hadi kusimama. Na hapa kampuni ipewe haki yake: ratiba ilisema dakika 50, na zile 50 huhesabiwa hivyohivyo, tangu ndege inapoondoka mahali pake pa kuegesha hadi inapofika mahali pake pa kuegesha. Walifika ndani ya muda ulioandikwa, wakiwa na dakika 3 za ziada. Walichelewa saa mbili na nusu tu kuanza.

Uwanja wa Bukoba hauko nje ya mji kama viwanja vingi. Uko mjini. Unatoka mlangoni na bodaboda wanakuita "bosi" kabla hujashika begi vizuri. Kwa miaka mingi kumezungumzwa mpango wa uwanja mwingine mkubwa zaidi huko Omukajunguti, wilayani Missenyi, na kila ajali au mvua kubwa hulirudisha jina hilo midomoni. Chato, katikati ya safari ya barabara, ina lami ya kilomita 3 tangu enzi za Hayati Magufuli. Bukoba bado inatumia kipande chake kifupi kati ya ziwa na nyumba za watu, na wakazi wamegawanyika: wapo wanaotaka uwanja mrefu hata ukiwa mbali, na wapo wanaosema ndege ikitua Missenyi, muda uliookolewa hewani utaliwa na daladala. Mwandishi yuko upande wa lami ndefu. Aliyeshuka juu ya yale maji kwa ukimya ule haoni shida kupanda daladala.

Saa sita na dakika tano alikuwa kwa shangazi, Kashai. Tangu kufunga mlango Nyakato: saa 6 na dakika 20. Angani alikuwa amekaa dakika 34.

Risala ilisomwa. Kulikuwa na lubisi, ndizi zilizopikwa zikafunikwa kwa majani ya mgomba, na kwa kuwa ilikuwa Novemba, senene. Usiku pembezoni mwa mji taa kali ziliwashwa mbele ya mabati yaliyosimamishwa, na wadudu wale wakagonga mabati wakateleza hadi kwenye mapipa, kelele kama mvua ya mawe. Nao wasafiri wa anga, na hawana ratiba wanayoiheshimu.

Kurudi, mwandishi alichagua basi kwa makusudi. Liliondoka saa kumi na mbili kamili asubuhi, likapita Muleba, Chato na Geita, kilomita 400 hivi za kulizunguka ziwa ambalo ndege ililikata kwa 175. Pembeni yake alikaa kijana mwenye ndoo ya senene iliyofungwa kitambaa, aliyelala tangu Muleba na kuamka kila basi liliposimama, kuhakikisha ndoo ipo.

Zamani kidogo, sehemu ngumu ya barabara hii ilikuwa Busisi. Magari yalipanga foleni kusubiri kivuko, abiria wakashuka wakala mahindi ya kuchoma na mayai, na wakati mwingine foleni ilimeza saa nzima au mbili kwa ajili ya kuvuka maji ambayo unaona ng'ambo yake kwa macho. Juni 2025 Daraja la J. P. Magufuli lilifunguliwa pale, Kigongo hadi Busisi, urefu wa kilomita 3. Basi halikusimama hata kidogo. Konda alisema "daraja hilo" bila kugeuka, wachache wakatoa simu kupiga picha, na kabla wa nyuma hawajapata nafasi dirishani likawa limekwisha. Mwandishi alipima: dakika 3 na sekunde chache.

Stendi ya Nyegezi waliingia saa nane kasoro dakika kumi. Saa 7 na dakika 50 barabarani, bila ya daladala ya kumfikisha Nyakato. Ndege, pamoja na karanga zake zote, ilikuwa imelishinda gari kwa saa moja na nusu.

Lakini hilo aliliandika baadaye. Wakati basi linashuka darajani alimtumia mpwa wake ujumbe: "Tumevuka ziwa kwa dakika tatu." Jibu lilikuja basi likiwa bado halijafika Usagara.

"Za ramani au za saa?"

Ikabidi atoe daftari tena. Kilomita 3 gawanya kwa 1.852. Dakika moja na nusu, na ushei.